Kuku wa Posa ya Dada Mejumaa

Enzi zetu kuku akichinjwa nyumba moja, mtaa mzima ulijua kabla hajaiva. Nasema na nyinyi wenzangu mliokulia huku kusini, kuanzia Msambweni kuteremka hadi Vanga, mliokuwa mkila samaki siku sita na kunde siku ya saba, na kuku mkimwona siku ya Idi au siku ya mgeni. Kwanza zilisikika mbio uani, watoto watatu nyuma ya jogoo mmoja, na mara nyingi jogoo ndiye aliyekuwa na akili zaidi. Ikafuata harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto, harufu ambayo mgeni angeikunjia pua lakini sisi ilitutoa mate. Halafu kinu kikaanza: thomu, tangawizi na chumvi ya mawe vikipondwa pamoja, na jirani akawa anapita nje ya ua polepole kuliko alivyozoea kupita.

Leo mjukuu wangu anabonyeza simu akiwa amejilaza kwenye kochi, na kabla hajageuka ubavu bodaboda imeshapiga honi mlangoni, imetoka Ukunda. Kuku yumo ndani ya boksi, amevishwa unga mzito hata humjui kama ni kuku au andazi. Mjukuu anakula kidari peke yake, tena kile kisicho na mfupa, huku jicho liko kwenye simu. Juzi nilimkaangia paja lenye mfupa wake, akalizungusha mkononi akaniuliza, "Nyanya, sasa hili linashikwaje?" Ana miaka kumi na minne na anasoma shule nzuri kule Kwale. Nikamwonyesha. Alikula nusu akaacha nusu imeng'ang'ania mfupa, nyama ambayo kwetu ingezusha vita.

Mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na kanuni zake kuhusu kuku na hapana aliyethubutu kuzichezea. Kuku wetu alichinjwa na mwanamume mwenye udhu. Baba alikuwa fundi wa nguo, asubuhi yuko sokoni na cherehani yake, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa kwa jirani yetu Mzee Bakari, kuku kwapani na kisu kimefungwa gazetini. Mzee Bakari alikuwa haanzi kabla hajauliza, "Amekunywa maji?" Kwani kuku hachinjwi na kiu. Nikisema ndiyo na kumbe sijampa, alinitazama tu, akamwita mkewe alete kikombe. Nilikuwa mwongo mdogo tangu zamani hizo, na nalisema hili mapema ili usije ukanishangaa huko mbele.

Tulikuwa wasichana wawili tu, dada Mejumaa na mimi, Riziki, na kati yetu palikuwa na miaka minane. Yeye ndiye aliyefundishwa kuku, mimi nikifundishwa kunyamaza na kutazama. Mama hakumpiga kuku panga. Alikuwa na kisu kidogo kilicholika katikati kwa kunolewa, akatafuta kiungo kwa kidole gumba, akapitisha ncha, na paja likaachia lenyewe. "Usiupige mfupa, utafutie njia," ndivyo alivyokuwa akimwambia dada kila mara. Mfupa uliovunjika, alisema, hutoa vibanzi vikamkwama mgeni kooni, na mgeni aliyekwamwa harudi. Vikatoka vipande kumi na viwili, mapaja, vipapatio, kidari, mgongo na shingo, na hivyo ni mbali na kichwa na miguu ambavyo vilikuwa vyetu sisi wadogo. Nyongo ilipotolewa tulinyamaza wote kama watu walio msikitini, maana ikipasuka kuku mzima ni mchungu na siku imeharibika.

Tena kuku wetu alikuwa ametembea sana maishani mwake. Hakuweza kutupwa mafutani hivi hivi kama hawa wa leo wanaolelewa chini ya balbu. Alitiwa ndimu, kile kilichopondwa kinuni na bizari kidogo, akachemshwa taratibu juu ya mafiga mpaka supu yote ikamrudia ikamshika. Akatandazwa kwenye ungo apoe na kukauka. Ndipo karai likawekwa, na mafuta ya nazi ambayo mama aliyapika mwenyewe. Alitupia kipande cha kitunguu kujaribu moto. Kikizama, ngoja, kikipanda juu na kucheza, tia kuku. Sauti yake ilikuwa ya mvua ya ghafla juu ya mabati, na baada yake harufu ile, wenzangu, ambayo sitaijaribu kuieleza kwa sababu wanaoijua wanaijua. Nje alikuwa mkavu, ndani laini, na karibu na mfupa ndiko uliko utamu wote. Tulifyonza, tukatafuna, tukavunja, tukanyonya uboho, na kilichobaki paka alikitazama tu kwa masikitiko.

Firigisi ilikuwa ya baba. Mimi sikuwahi kuionja. Niliijua kwa macho, ile nyama ndogo nyeusi iliyobana, imekaangwa mpaka imepata ganda, ikikaa peke yake pembeni ya sahani ya baba akiiweka kwa ajili ya mwisho. Aliitafuna akiwa amefumba macho. Mtoto wa miaka tisa akimwona mtu mzima amefumba macho kwa ajili ya chakula, unadhani atafikiri nini?

Lakini palikuwa na siku ambayo hata baba hakuigusa, siku ya posa. Sijui kwenu, ila mtaani kwetu wazee wakija kuposa hawakujibiwa kwa mdomo siku hiyo. Walikula, wakashukuru, wakaondoka, na jibu walikuwa wameshalipata kwenye sinia. Kuku wa posa alikaangwa na binti mwenyewe, akatolewa na vipande vyake vyote, na firigisi juu kabisa imemwelekea mkubwa wa wageni. Akifunua kawa akaiona, amepewa mke. Asipoiona, amenyimwa kwa heshima, na hapana wa kuuliza kwa nini. Wazee waliupenda sana utaratibu huo. Hakuna aliyeaibishwa mbele za watu, hakuna aliyelazimika kusema jambo zito akiwa ameketi kwenye mkeka wa mwenzake.

Aliyekuja kumposa dada Mejumaa alikuwa seremala kijana wa Vanga, jina lake Omari. Alikuja Msambweni kutengeneza milango ya madrasa, akakaa wiki tatu kwa kazi ya wiki moja, na kila mtu alijua sababu. Dada naye akawa anateka maji mara nne kwa siku, nyumba yenye watu wanne. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuatana naye ili isionekane vibaya. Omari alinichongea pia ya kuchezea, na kwa pia ile nilimpenda labda kuliko dada alivyompenda. Nilikuwa naomba usiku na mchana awe shemeji yangu.

Mama hakufurahi. Simlaumu. "Vanga mbali mno," alimwambia baba, na ukuta wetu wa udongo haukuweza kuficha siri. "Mvua ikinyesha barabara haipitiki. Mwanangu akishikwa na uchungu wa uzazi, mimi nitaruka?" Baba akamwambia, "Na waje kwanza." Mama akanung'unika siku mbili, siku ya tatu akanyamaza, siku ya nne nikamwona akimchagulia dada jogoo mwekundu, yule mkubwa aliyekuwa fahari ya uani kwetu. Huko ndiko kukubali kwa mama. Hakuwa mtu wa kusema "nimekubali". Alikupa jogoo. Lakini dada alikuwa amesikia yale ya ukutani, na hayo ndiyo yaliyokaa moyoni mwake.

Wageni walikuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Dada alifanya kila kitu yeye mwenyewe tangu alfajiri, hata alikataa nimshikie kuku miguu wakati wa kunyonyoa. Alitafuta kila kiungo kwa kidole, hakuvunja mfupa hata mmoja. Mama aliketi kwenye mbuzi akikuna nazi ya wali, na mara mbili nilimwona akitazama mikono ya dada halafu akitazama pembeni upesi. Kuku alipoiva, vipande vikapangwa kwenye ungo vichuje mafuta, firigisi juu yake. Dada akaenda kuoga na kuvaa. Mama akasikia hodi, akaenda kuwapokea wanawake waliofuatana na wageni. Akanigeukia mlangoni. "Riziki, keti hapo ufukuze paka. Usiondoke."

Nikaketi. Jiko lilikuwa na moshi wa makumbi ya nazi, na mafuta yalikuwa bado yanatoa sauti ndogo kwenye vipande. Paka hakuja. Nataka niseme ukweli wote, maana nimekaa nao miaka mingi. Sikukusudia kuila. Nilikusudia kuilamba. Nikailamba, ikawa na chumvi na ndimu, nikasema niume ukingo tu, ukingo hauonekani. Nikauma. Kumbe firigisi ikishaumwa huwezi kuirudisha juu ya kuku wa posa na alama za meno ya mtoto. Nikaona afadhali isiwepo kuliko iwepo hivyo. Nikaitia yote kinywani, nikasogeza paja moja likae pale ilipokuwa, nikapangusa vidole kwenye nguo kwa ndani. Sikuhisi hata ladha yake. Niliitafuna kama mtu anayetafuna ushahidi.

Mama alirudi mbio. Wageni wameshaketi, baba ameshapiga kikohozi cha kuita chakula. Akahamishia vipande kwenye sinia kwa mikono miwili, macho yanamtoka machozi kwa moshi, akafunika kawa, akatoka. Kwa haraka na moshi ule alidhani firigisi imekaa juu kama dada alivyoiacha. Dada alipomaliza kuvaa alidhani mama ameipanga juu. Mimi peke yangu ndiye niliyejua, na nilikuwa nimeketi palepale nikifukuza paka asiyekuwepo.

Nilichungulia kwenye pazia. Mjomba wake Omari, mzee mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, alifunua kawa. Akatazama. Akaisogeza shingo kwa kidole kimoja, akasogeza na paja, taratibu sana, halafu akarudisha kila kipande mahali pake. Baba wakati huo alikuwa amegeuka akimnawisha mgeni mwingine mikono. Mjomba akasema bismillahi, akachukua kipapatio, akala mpaka mwisho. "Mkono uliopika Mungu aubariki," alisema. Wakala wote, wakashukuru, wakaomba dua, wakaaga mapema kwa sababu ya safari. Walikuwa na adabu kamili. Ningetamani wangekuwa na adabu pungufu kidogo, mmoja wao angeuliza.

Baba hakuwa amemwona mgeni yeyote akiila firigisi, na sinia liliporudi jikoni akalitazama, haimo. "Ungeniambia," alimwambia mama.

"Nikuambie nini?"

"Kwamba umeamua kuwanyima."

Sijawahi kumwona mama akipekua jiko namna ile. Alipekua ungo, sufuria, majivu, akainua hata jiwe la figa lililokuwa bado na moto. Halafu akanijia. Alinishika mabega. "Riziki, mwanangu, ni wewe? Niambie, sikupigi."

"Wallahi si mimi."

Nyumbani kwetu hakukuwa na kuapa ovyo. Mama hakuwahi kusikia jina la Mungu likiapiwa uongo chini ya paa lile, kwa hiyo aliniamini pale pale, nikaona mikono yake ikilegea mabegani mwangu. "Basi ni paka," alisema.

Na hapo nikafanya la pili, ambalo ni baya zaidi. Niliogopa kupigwa kwa kutomfukuza paka. Nikasema, "Paka hakuja. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Dada Mejumaa alikuwa amesimama mlangoni na leso mpya, nywele zimesukwa, wanja umemkaa vizuri. Alikuwa amesikia yote. Si mimi, si paka. Akabaki mtu mmoja tu aliyemgusa kuku yule, na mtu huyo alikuwa ameshasema ukutani kwamba Vanga ni mbali. "Mama," alisema, "si ungeniambia tu?" Akaingia ndani. Mama alibaki amesimama na kiganja cha majivu.

Baba alituma mtu Vanga wiki iliyofuata kwenda kueleza. Akarudi na salamu nyingi na maneno mazuri, kwamba wamefahamu na hapana kinyongo. Huko walidhani maelezo yetu ni ya kuwahurumia tu. Omari alivuka mpaka wa nchi akafuata kazi upande wa pili, na baada ya muda tukasikia ameoa huko huko. Dada alikaa miaka miwili, akaolewa Kombani na mwenye duka aliyefiwa na mke. Mume wake alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Aliishi naye kwa heshima na wakapata watoto. Lakini ile sauti aliyokuwa akiimba nayo akienda kisimani sikuisikia tena.

Alikuwa akija nyumbani Idi na kwenye misiba. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu chakula." "Nimekula, mama." Hivyo hivyo, kila mara. Hata akitoka Kombani asubuhi na mapema akafika kwetu mchana, alikuwa amekula. Mama alimwekea bakuli, bakuli likapoa, mama akalirudisha jikoni. Mimi mtoto nilifikiri dada ana huzuni ya Omari tu. Nilifikiri itapita.

Nilijua ukweli wake nikiwa mtu mzima, na hapo ndipo lawama yangu ilipo, si kwa yule mtoto wa miaka tisa. Ilikuwa msiba wa baba. Tulikuwa uani, dada na mimi, tunaosha masufuria, nikamwambia kwa utani aonje hata wali wa mama siku kama hii. Akasugua sufuria yake. "Mimi na mama tulimalizana siku ya kuku," alisema. "Alinifungia mlango kwa mkono wake, tena akakuapisha wewe, mtoto mdogo, kwa ajili yake." Alidhani mama ndiye aliyenifundisha kiapo kile! Maneno yalinijia hadi kwenye meno. Nilikuwa na mume, nilikuwa na watoto watatu, sikuwa na wa kunipiga. Nikaokota sufuria nyingine nikaisugua. Mama aliishi miaka kumi na tisa baada ya siku hiyo, na katika miaka hiyo yote nilinyamaza kila siku upya. Nilijiambia mama ni mzee, asisumbuliwe. Nilijiambia dada amesahau. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Mama alifariki mwaka juzi. Alilazwa Msambweni siku nane, na dada alitoka Kombani akaja akakaa naye, akamwosha, akamgeuza, akamfanyia kila ambalo mtoto humfanyia mzazi wake. Watu wa wodi walimsifu. Mimi nilifarijika, nikasema alhamdulillahi, wamepatana bila ya mimi.

Idi iliyopita nikashindwa. Nilinunua jogoo wa kienyeji, nikamtafuta wa kunichinjia, nikamfanya kuku kama alivyokuwa akifanywa, kwa kuni na kwa mafuta ya nazi, nikatia bakulini nikaenda Kombani. Dada nilimkuta barazani kwake akichambua mchicha. Ameshakuwa mjane, nywele zote nyeupe, na bado mikono yake ni ile ile.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Riziki. Umetuletea nini?"

"Kuku."

Akafunua, akanusa, akacheka. "Thomu umezidisha. Mama angekuteta." Akachukua paja. Nilimtazama akila, anatafuta kiungo kwa kidole gumba, anakula mpaka kwenye mfupa, na nikaona nikimwacha amalize na kuondoka tutakuwa na Idi nzuri. Alipoweka mfupa chini nikasema.

"Dada, ile firigisi niliila mimi."

Hakuuliza ipi.

"Nilikuwa na miaka tisa, dada. Niliogopa."

"Najua ulikuwa na miaka mingapi."

"Mama hakujua. Aliniuliza, nikamwapia. Alitafuta hata kwenye majivu. Alikuwa amekubali uende, wallahi alikuwa amekubali."

Niliona haya kwa neno lile lililonitoka, lakini lilikuwa limeshatoka. Dada akavuta ungo wa mchicha mapajani, akachambua majani mawili matatu, akaacha. Mpita njia akatusalimu, naye akaitikia vizuri kabisa, akamuuliza na hali ya watoto. Alipokwenda zake dada akaanza kusema, sauti ya chini, hanitazami.

"Siku ya mwisho pale wodini, wewe ulikuwa umetoka kununua maziwa. Alinishika mkono hapa. Akaniambia, 'Mejumaa, mimi sikukunyima.' Nikamwambia, 'Yamepita hayo, mama, lala.' Akaniambia tena. Nikamwambia tena, lala." Akapangusa mkono wake pale pale alipopaonyesha. "Mtu yuko katika pumzi zake za mwisho anataka kuaminiwa na mwanawe, Riziki. Mimi namwambia lala."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia. "Basi," aliniambia, "majirani wanatazama." Akaingia ndani, nikasikia maji, akinawa, akinawa kwa muda mrefu. Alirudi na bakuli langu limeoshwa, limejazwa mchicha, maana huku kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu hata iweje. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akanisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza kama nina nauli. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Tunawacheka sana hawa watoto wetu. Tunasema hawana haya, hawafichi kitu, kila kilichowapata kiko kwenye simu kabla ya jua kuchwa. Wiki iliyopita mjukuu alivunja birika langu la udongo, akaja moja kwa moja mpaka kwenye msala wangu wa kuswalia kuniambia, sijasikia hata kishindo. "Nyanya, nimevunja birika lako, ni mimi, samahani." Halafu akarudi kwenye simu yake kama mtu asiye na deni duniani. Zamani ningemwona hana adabu. Enzi zetu chakula kilikuwa na ladha, wakubwa waliheshimiwa, hodi ilikuwa hodi, na hayo yote ni kweli na nitayalilia mpaka kufa kwangu. Lakini nyumba zetu zilijaa watu waliofahamiana bila kuulizana, na mtoto aliyefundishwa kunyamaza alifundishika sawasawa. Nilimwita mjukuu arudi, nikambusu kichwani. Akashangaa, akadhani naumwa.

Siku hizi kila Ijumaa dada Mejumaa hutoka Kombani kuja Msambweni. Haingii makaburini. Husimama nje ya ukuta upande aliolala mama, kanga imemfunika kichwa, midomo inakwenda, na hukaa hapo hata jua likawa kali. Njia yake ya kurudi inapita mbele ya nyumba yangu. Mimi huketi barazani nimekwisha kupika, nimevaa nguo ya kutokea. Akipita nasimama. "Shikamoo dada. Karibu." Huitikia, maana si mtu wa kutoitikia. Ijumaa iliyopita alisimama kabisa, akaweka mkono kwenye lango, nami nikashuka ngazi moja kumpokea. Alinitazama, naona alitaka, wallahi naona alitaka.

"Si leo, Riziki," alisema, akaenda zake kituoni.